Jina Lililo Kwenye Karatasi ya Lupango

Kilio kilikuwa na siku tatu tu. Turubai lilikuwa bado limefungwa kwenye mwembe, akina mama wa kanisa walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria ya bukari, na mjane alikuwa ameketi kwenye godoro lililotandikwa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani. Nilikuwa nimefika pale Kikula, hapa Likasi, kutoa pole, maana marehemu alikuwa jirani yetu wa miaka mingi. Mdogo wa marehemu akaingia, akachuchumaa mbele ya shemeji yake, akamwuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote: "Shemeji, ile karatasi ya lupango iko wapi? Wazee wanaiulizia."

Mama yule hakujibu. Alisogea kidogo tu kuelekea ukutani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba karatasi yenyewe, ile ya kiwanja chao, alikuwa ameikalia. Usiku ule mumewe alipokata roho hospitalini, alirudi nyumbani, na kabla hajawaamsha watoto kuwapa habari, alichukua wembe, akapasua mshono wa godoro, akaingiza ndani mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumba, kisha akashona tena. Machozi yalisubiri mpaka uzi ulipofungwa fundo.

Mfuko huo nimeuona kwa macho yangu, kwa sababu miezi miwili baadaye aliniletea nimsomee Kifaransa kilichomo. Kulikuwa na kitambulisho cha kazi cha Gécamines, kampuni ya madini, picha imefifia. Kulikuwa na cheti cha ubatizo cha mtoto mmoja kati ya watoto sita, risiti za umeme, fishi ya lupango ya komini, na karatasi moja ya daftari la shule, iliyoandikwa kwa mkono mwaka 2004: hati ya mauzo. Fishi ilikuwa na jina la yule aliyewauzia, ambaye naye ni marehemu. Na kwenye hati ya mauzo, pale panapoandikwa mnunuzi, lilisomeka jina la mdogo wa mume wake.

Hakukuwa na wizi. Siku ya kuandikiana, mume alikuwa amelazwa, akamtuma mdogo wake apeleke pesa na kutia sahihi. Hakuna aliyefikiria kuongeza maneno matatu tu: kwa niaba yake. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa na kukulia pale, ukuta ukajengwa, vyumba viwili vya kupangisha vikaongezwa upande wa barabara. Karatasi haikubadilika. Mdogo mwenyewe aliniambia, na nilimwamini: "Mimi sikuomba jina langu liandikwe. Lakini liko."

Nimekaa katika vilio vingi Likasi, na ninachokisikia mara nyingi ni kwamba ndugu wa marehemu wana tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Lakini kwa niliyoyaona, ugomvi mwingi wa mali katika mji huu haukuanzia kwenye tamaa. Ulianzia kwenye ukimya wa mtu aliyekuwa hai, mwenye akili timamu, mwenye kalamu mfukoni, ambaye hakuandika. Na mji wetu una sababu yake ya pekee ya kutoandika.

Likasi ni mji wa kampuni. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji huu ulipoitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, kambi za wafanyakazi ndizo zilizokuwa maisha yenyewe. Babu zetu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya hapa hapa Katanga walipewa nyumba, mposho, shule na hospitali. Nyumba ilifuata kazi. Ukistaafu unatoka, ukifa, mjane na watoto wanatoka. Jina la mji likabadilika kuwa Likasi mwaka 1966, Gécamines ikachukua mahali pa Union Minière, lakini utaratibu wa nyumba ukabaki ule ule. Mtu angeweza kufanya kazi miaka 30 pale Shituru akafa bila tofali moja lililo lake.

Basi babu zetu walirithishana nini? Baiskeli. Cherehani. Redio. Suti ya Jumapili na saa ya mkononi. Wazee waliketi chini ya mti siku ya kumaliza kilio, wakagawa vitu hivyo kabla jua halijazama, na aliyenuna alinuna kwa wiki moja. Hakuna aliyehitaji karatasi ili kugawa baiskeli.

Kisha kampuni ikaporomoka. Mishahara ikakwama miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi wao mpaka leo wanauliza hiari ilikuwa wapi. Waliopata malipo ya mwisho, wengine waliyatia katika kinu cha kusagia mahindi, wengine katika gari la abiria lililokufa baada ya masika mawili, na wenye bahati waliyatia katika lupango. Nyumba za kambi nazo, zile zilizokuwa za kampuni, nyingi ziliishia mikononi mwa waliokuwa wakiishi ndani yake. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida wa Likasi akawa na nyumba.

Aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2003, leo amepita 70. Hao ndio tunaowazika sasa. Sisi watoto wao ndio kizazi cha kwanza katika mji huu kinachorithi nyumba na ardhi, na tunajaribu kugawa nyumba kwa desturi iliyotengenezwa kwa ajili ya kugawa baiskeli.

Kuna jeraha jingine ambalo watu hawapendi kulitaja. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni ya Likasi miezi mingi wakisubiri gari la moshi, na wengi walifia pale pale. Nyumba na viwanja viliuzwa kwa bei ya gunia la unga, kwa karatasi zilizoandikwa magotini, au viliachwa bila karatasi kabisa. Ukiona leo kiwanja chenye watu watatu wanaodai ni chao, uliza kwanza kilikuwa cha nani mwaka 1991.

Sheria ya Kongo inasema nini? Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba mjane na watoto hawana kitu mpaka ukoo upende. Si kweli. Kodi ya familia ni sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilifanyiwa marekebisho tarehe 15 Julai 2016. Inawapanga warithi katika makundi. Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa lakini baba akawatambua kisheria akiwa hai, na waliopangwa kisheria kuwa watoto wake. Hao wanachukua robo tatu ya urithi, nao wanagawana sawa kwa sawa, msichana na mvulana, kifungua mimba na kitinda mimba. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, lenye vikapu vitatu: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa tumbo moja au wa baba mmoja. Vikiwepo vyote vitatu, kila kikapu kinapata sehemu moja ya kumi na mbili. Wajomba, shangazi na baba wadogo wa marehemu wako kundi la tatu. Palipo na watoto, hao hawamo katika hesabu.

Mtu akisikia moja ya kumi na mbili anasema sheria imemdharau mjane. Asubiri kwanza. Kama wenzi hawakuchagua mpango mwingine siku ya kufunga ndoa, sheria inahesabu kwamba mali waliyoipata wakiwa pamoja ni ya wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kugawa urithi, nusu ya mjane inatolewa kwanza, maana hiyo si mali ya marehemu. Chukua nyumba iliyonunuliwa ndani ya ndoa, ya dola 24,000, isiyo na deni. Dola 12,000 ni za mama mwenyewe. Zinabaki 12,000 za kurithiwa: watoto 9,000, mama tena 1,000, wazazi wa marehemu 1,000, ndugu zake wote kwa pamoja 1,000. Baba mkubwa wa watoto, kaka wa marehemu, anayefika na lori kupakia makabati, hesabu yake ni kipande cha hiyo elfu moja ya mwisho, agawane na ndugu zake.

Zaidi ya hapo, sheria inampa mwenzi aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na kutumia vyombo vya ndani. Kumtoa mjane nje siku ya kumaliza kilio na kufunga mlango ni kuvunja sheria, hata kama wazee kumi wamekubaliana.

Lakini sheria huona kilichoandikwa. Yule mama wa Kikula aliolewa mwaka 1989. Mahari ilitolewa yote, mbuzi wakahesabiwa, na baadaye wakabariki ndoa kanisani. Ofisi ya etasivili kwenye komini, inakoandikishwa ndoa, hawakufika. Ndoa ya kimila inatakiwa kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja, wao wakakaa miaka zaidi ya thelathini. Sasa anatakiwa kwenda tribinali na mashahidi kuthibitisha kwamba alikuwa mke wa mtu aliyemzalia watoto sita. Mashahidi wa mahari walikuwa wanne, watatu wamekufa. Na pensheni ya mume pale CNSS, ile tuliyozoea kuiita INSS, nayo inataka cheti hicho hicho cha ndoa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wakati ndani ya mfuko kuna cheti kimoja cha ubatizo.

Suala la watoto wa nje linahitaji ujasiri wa akina baba, nalo ndilo hulipuka vibaya zaidi. Tunawajua. Mara nyingi mke naye anawajua, ila hakuna anayesema. Siku ya kilio anatokea kijana wa miaka ishirini, ana uso wa marehemu kabisa, amesimama getini na mama yake. Watu wanamtazama uso, wanaugua, kisha wanamwuliza karatasi. Kama baba hakwenda kumtambua kisheria akiwa hai, kijana yule ana uso tu. Baba aliyeona haya kwa saa moja mbele ya karani wa komini amemwachia mtoto wake haya ya maisha yote.

Sasa desturi. Sipendi kuzisikia zikitukanwa. Likasi ina watu wa kila aina: Baluba ambao mtoto ni wa baba, na Balamba na Babemba ambao mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo mrithi wa mwanamume kwa mila ni ndugu yake wa tumbo au mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa huyo alirithi jina la mjomba, pinde na shoka lake, na alirithi pia mizigo: kumlisha mjane, kuoza watoto, kulipa madeni. Haki na mzigo vilitembea pamoja. Ninachokipinga ni hiki cha leo, ambapo mpwa anatoka Kambove na kufuli mpya mfukoni, anadai nyumba kwa jina la mila, na ukimwuliza ada za shule za watoto wa mjomba anasema maisha ni magumu. Huyo ameichukua nusu tamu ya mila na kuitupa nyingine.

Wenzetu ng'ambo ya Kasumbalesa walikuwa na tatizo hili hili, kwa sababu ni watu wale wale. Mpaka wa wakoloni uliwakata Balamba katikati. Mwaka 1989 Zambia ilitunga sheria ya urithi wa asiyeacha wosia: watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Kunyang'anya mali ya marehemu kukawa kosa la kumpeleka mtu jela. Ugomvi haukuisha Zambia, lakini mjane wa Ndola ana asilimia zinazotamkika kwa pumzi moja, na hilo peke yake linamsaidia kujibu.

Njia iliyo wazi kwa kila mmoja wetu ni wosia. Kongo inakubali wosia wa aina tatu. Wa kwanza unafanywa mbele ya notere au ofisa wa etasivili. Huo ndio wenye nguvu kuliko yote. Wa pili ni ule unaouandika mwenyewe, wote kwa mkono wako, ukatia tarehe na sahihi. Ukimwandikisha mtoto wako kwa sababu ana mwandiko mzuri, umeuharibu. Wa tatu ni wa mdomo, kwa mtu aliye karibu na kufa, mbele ya mashahidi wawili walio watu wazima, na una mipaka mikali ya mambo unayoweza kuyaamua. Usitegemee kugawa nyumba kwa njia hiyo. Maneno uliyomwambia mtoto mmoja kwa simu usiku hayamo katika aina yoyote kati ya hizi.

Wosia hauwezi kuwanyima watoto robo tatu yao. Baba hawezi kuandika nyumba yote kwa mke mdogo, wala yote kwa kanisa, wala yote kwa kijana wa kiume. Ila sheria hiyo hiyo inamtoa katika urithi mtu asiyestahili: aliyesababisha kifo cha marehemu kwa makusudi, aliyemtelekeza katika ugonjwa wake wa mwisho ilhali alikuwa na wajibu wa kumtunza, aliyetumia udhaifu wa mgonjwa kujichotea mali katika miezi mitatu ya mwisho, aliyechana au kuficha wosia. Nawaomba vijana wasome sentensi hiyo mara mbili. Yule anayemsafisha baba kitandani kila asubuhi na yule anayepiga simu kutoka Lubumbashi kuuliza bei ya kiwanja, sheria inawaona wote wawili.

Nimeona wosia mmoja uliofanya kazi yake. Mzee wa Shituru, fundi wa mitambo aliyestaafu, alinunua daftari la kurasa 48, lile la jalada la buluu, akaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichokuwa akiotea. Ukurasa wa kwanza: mimi ni fulani, mwana wa fulani na fulani, akili zangu ni nzima. Wa pili: nyumba, namba yake, nani aliniuzia, mwaka gani, karatasi ziko wapi. Wa tatu uligawanyika kwa mstari: ninaowadai, na wanaonidai. Wanaomdai walikuwa wengi zaidi, hakuona aibu kuwaandika. Wa nne: watoto wangu wote, wakiwemo wawili ambao mama wa nyumbani aliwasikia kwa mara ya kwanza rasmi siku daftari liliposomwa. Akaeleza pia nani afunge hesabu zake, azikwe wapi, na kwamba hataki jeneza la bei kubwa. Alipomaliza alitafuta notere, akaacha nakala kwake. Kisha Jumapili moja baada ya misa akaita upande wake na upande wa mkewe, akawapikia, akalisoma daftari lote kwa sauti akiwa amesimama.

Mkewe alikasirika mwezi mzima kwa ajili ya ukurasa wa nne. Mzee akaishi miaka minne zaidi. Alipofariki, ugomvi ulikuwa mmoja, wa pampu ya maji ambayo hakuiandika, na ulimalizika jioni ile ile.

Watu wananiambia kuandika wosia ni kukiita kifo. Nawaeleza kisa cha Nairobi. S. M. Otieno alikuwa wakili mkubwa, anayejua sheria kuliko sisi sote, akafa tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia ulioandikwa. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong karibu na nyumba yao. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mluo anazikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, mwili ukiwa mochari miezi mitano, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987, mjane wake akiwa hayupo makaburini. Maneno aliyoyasema wakili yule kwa mdomo yaliletwa mahakamani na mashahidi wengi. Ukurasa mmoja wenye sahihi yake haukuwepo.

Turudi kwenye ardhi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Leta, yaani dola. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, yule tunayemwita konservateri. Fishi ya komini ni mwanzo wa safari. Hati ya mauzo ya daftari ni mwanzo wa mwanzo. Najua kupata cheti kunagharimu, na kwamba mtu anaweza kuzungushwa ofisi kwa ofisi mpaka viatu vikaisha. Lakini gharama hiyo ni ndogo ukiipima na ile ya kesi, na mwenye nyumba akiwa hai anaulizwa maswali machache kuliko watoto wake sita watakavyoulizwa.

Mwenye nyumba akifa, kuna mtu anayetakiwa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa: likidateri. Bila wosia, kazi hiyo ni ya mrithi mkubwa kwa umri au, akikataa, ya yule ambaye warithi wenyewe wamemchagua, na tribinali inamthibitisha. Likidateri si mwenye mali. Nimeona wakubwa wa nyumba wakiuza lupango kimyakimya kwa kuonyesha hati ya uthibitisho ya tribinali, wadogo wakashtukia mnunuzi anapima ukuta. Warithi wachague likidateri pamoja, wamwandikie anachoweza na asichoweza kufanya, na wamdai hesabu.

Na simu, wazee wangu. Siku hizi akiba ya mtu iko kwenye M-Pesa au Airtel Money, na namba ya siri iko kichwani mwake. Andika kwenye daftari kwamba pesa ipo, na kwenye laini ipi.

Kwa wakubwa wa nchi nina neno moja. Kodi ya familia imeandikwa kwa Kifaransa. Ugomvi wetu tunaufanya kwa Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 142, inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi. Mjane wa Likasi anayebeba mfuko wa nailoni kumtafuta mtu wa kumsomea, anadai haki ambayo Katiba imeshampa. Redio za hapa mjini, maparokia, makanisa ya uamsho, shefu wa kartie: kila mmoja anaweza kusoma vifungu vitano kwa Kiswahili kila wiki, na watu watasikiliza, maana hakuna nyumba isiyo na kisa.

Yule mdogo wa marehemu pale Kikula alikubali. Nilikuwepo aliposema mbele ya wazee kwamba pesa ilikuwa ya kaka yake na kwamba atakwenda na shemeji kwa notere kuandika hivyo. Wakapanga siku, baada ya mvua kupungua. Kabla siku haijafika, aliugua ghafla, akafariki. Watoto wake hawakuwepo mwaka 2004 wala hawakuwepo siku ile ya wazee. Wanachokiona ni jina la baba yao kwenye hati, na mimi siwezi kuwaita waongo. Kesi iko tribinali. Vyumba viwili vya upande wa barabara, vile vya kupangisha, vina kufuli mbili kila kimoja, na hakuna mpangaji.

Wewe unayesoma Jumapili hii, karatasi ya lupango wako unajua ilipo. Itoe leo, ukiwa na mkeo au mumeo, msome pamoja jina lililoandikwa. Kama si lako, na aliyeandikwa yuko hai, mpigie simu kesho asubuhi.